Mashuka Meupe ya Bulla Pesa

Kwa miaka minne nilitandika vitanda vya watu wengine. Nilikuwa mmoja wa wanawake wa vyumbani katika loji moja ya watalii ndani ya mbuga, si mbali sana na Isiolo, na huko ndiko nilikojifunza kukunja pembe za shuka mpaka kitanda kinakaa kama bahasha iliyofungwa vizuri. Niliacha kazi nilipojifungua mtoto wa pili. Loji haikuwa na mahali pa mtoto, na mume wangu alikuwa dereva wa greda ya kusawazisha barabara ya kaskazini, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, vumbi limemjaa kuanzia nywele mpaka kwenye nyayo.

Nilitoka kule na wazo moja kichwani. Kila Agosti na kila Desemba vyumba vilikuwa vinajaa, na magari yanarudishwa getini. Watu wametoka Nairobi alfajiri, watoto wamelala kiti cha nyuma midomo wazi, na mtu wa mapokezi anawaambia hakuna nafasi, jaribuni Isiolo. Isiolo ya mwisho wa miaka ya sabini ilikuwa na nini cha kuwapa? Kulikuwa na lojing mbili tatu za madereva wa malori, baa chini na vyumba juu, ambako mtu hulipa ili asilale. Nilijua wengi wao waliishia kulala ndani ya gari karibu na kituo cha mafuta, kesho yake wanarudi mbugani macho mekundu.

Nasi tulikuwa na ploti Bulla Pesa, mtaa mmoja wa Isiolo. Vyumba vinne vya mabati, viwili vikitazama barabara na viwili nyuma. Sisi tulikaa nyuma. Vya mbele tulikuwa tunapangisha kwa mwezi, na mpangaji wetu wa mwisho, karani wa mifugo, alikuwa amehamishwa Marsabit. Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi nilimngoja amalize kuoga na kula, kisha nikamwambia.

"Wazungu walale Bulla Pesa?" akauliza.

"Wazungu, Wahindi, Waafrika wenye magari. Yeyote aliyekosa kitanda kule mbugani. Usiku mmoja, siku mbili, wanakwenda zao."

Alikunywa chai yake mpaka nusu kikombe. "Mimi najua greda," akasema. "Wewe unajua vitanda. Fanya."

Ndivyo nilivyoanza, na nilidhani sehemu ngumu imekwisha.

Nilianza na seremala. Alikuwa na banda karibu na soko, mtu wa maneno mengi na kazi safi. Nilimwambia nataka vitanda vinne vya futi sita na nusu, kwa sababu kule loji ndivyo vilivyokuwa, na nilikuwa nimeona watu wanaovijaza. Akaandika kwenye ubao kwa penseli yake. Akaniambia wiki mbili. Nilikwenda baada ya wiki mbili akaniambia mbao hazijashuka kutoka Meru. Nikaenda tena, mbao zimeshuka lakini ni mbichi, zinangoja kukauka. Nilipokwenda mara ya tano vitanda vilikuwa tayari, vizuri kabisa, vimepigwa vanishi, na vyote vinne vilikuwa futi sita.

"Nilikwambia sita na nusu," nikasema.

"Mama, magodoro yote ya mji huu ni futi sita. Ukiwa na kitanda cha sita na nusu, hiyo nusu utaweka nini?"

"Ningetafuta godoro. Hao watu ni warefu."

"Mimi nimetengenezea Waturkana na Wasomali vitanda miaka kumi," akasema kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa. "Hakuna aliyerudi kulalamika kwamba amezidi."

Sikuwa na la kufanya. Mbao zilishakatwa, na mbao haziongezeki. Nilivichukua vitanda kwa mkokoteni wa punda huku upepo wa Februari ukinipiga mchanga usoni, nikimlaani yule fundi kwa Kimeru ili mwenye punda asinielewe. Baadaye nikagundua mwenye punda naye alikuwa Mmeru.

Kisha ikaja habari ya leseni. Sikutaka kufanya kitu cha kujificha, kwa sababu Isiolo ya siku zile ilikuwa na vizuizi na askari kila upande, na mtu asiyejulikana akilala kwako, kesho unaulizwa ni nani. Nikavaa nguo ya kanisani, nikaenda ofisini. Karani alikuwa na orodha ya aina za biashara imebandikwa ukutani nyuma yake.

"Ni hoteli ya chakula?" akaniuliza.

"Hapana. Nitawapa chai asubuhi tu."

"Basi ni lojing na baa."

"Hakuna baa. Ni vyumba viwili katika nyumba yangu."

"Lojing ni kuanzia vyumba kumi."

"Basi ni nyumba yangu."

"Nyumba yako haihitaji leseni," akasema, akafunga daftari.

"Kwa hiyo naweza kulaza wageni?"

"Bila leseni? Utashtakiwa."

Hakuwa anatania, wala hakuwa anatafuta chai. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwenye orodha yake, na orodha ilikuwa na kila kitu isipokuwa mimi. Nilirudi pale mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani mwaka ule. Mara nilikuta yuko likizo, mara mkubwa wake hayupo, mara nimetumwa kwa mtu wa afya, ambaye alikuja akatazama choo akasema choo cha wageni lazima kiwe peke yake. Tukachimba kingine. Bulla Pesa chini ni mawe. Wachimbaji wawili walifika kifuani wakaniita niwasikilize sururu inavyolia juu ya mwamba. Tukahamia pembe nyingine ya ploti, tukaanza upya. Mwishowe karani aliniandikia cheti ambacho sehemu ya aina ya biashara kinasema "nyingineyo". Nilikiweka kwenye fremu, nikakitundika mlangoni, na mpaka leo sijui kama kilikuwa na maana yoyote.

Wakati huo majirani walikuwa wanatazama. Waliona vitanda vinne vinaingia katika vyumba viwili. Waliona mapazia. Waliona mwanamke ambaye mume wake yuko mbali anajenga choo cha ziada. Jirani yangu wa mkono wa kulia, mama wa Kiborana aliyekuwa akiuza maziwa, alikuwa mtu wangu wa karibu, na ndiye aliyeniambia yale ambayo wengine walikuwa wanasema kisimani.

"Salaam aleikum," akasema mlangoni siku moja, akaingia, akakaa, akakataa chai. Nikajua kuna jambo. "Dada, mimi sitaki uambiwe na mtu mwingine. Wanasema hii ni nyumba ya wanawake."

"Nyumba ya wanawake gani?"

Akanitazama tu mpaka nikaelewa. Nilimshika mkono nikamwingiza chumba cha mbele, nikamwonyesha kitanda nilichokuwa nimetandika kwa mazoezi, shuka jeupe, blanketi limekunjwa miguuni, taulo juu yake, glasi ya maji imefunikwa na sahani ndogo. Nikamweleza loji, watalii, wanaokosa nafasi. Alisikiliza yote. Akagusa ile pembe ya shuka kwa kidole.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini mimi nikiona kitanda kama hii, hata mimi nauliza inangoja nani."

Ilinibidi nikaongee na akina mama wa kanisa, nikaongee na mzee wa mtaa, nikieleza jambo lilelile kwa maneno yaleyale, na kila mtu alitikisa kichwa akasema anaelewa, na nikitoka nasikia wanaanza tena. Nilichoka kujitetea kwa kosa ambalo sikuwa nimepata hata nafasi ya kulifanya, maana mgeni hata mmoja hakuwa amekuja.

Wa kwanza walikuja Agosti. Mwenzangu wa zamani, aliyekuwa bado anafanya kazi mapokezi kule loji, alikuwa ameahidi kunitumia watu, na lori la loji lilipokuja sokoni kuchukua mboga, dereva aliniletea karatasi. Mtu na mke wake, walimu wa shule moja ya huko milimani, watafika kesho alasiri, wapewe chumba usiku mmoja. Nilisoma karatasi ile nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Usiku ule sikulala sana. Asubuhi nilifagia, nikamwagia maji uani kuzuia vumbi, ingawa maji yenyewe nilinunua kwa madebe kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu kwa siku ya tatu. Nikatandika mashuka mapya. Nilikuwa nimeyafua mara mbili ili yawe laini na kuyapiga pasi ya makaa. Nikaweka maua ya karatasi kwenye chupa. Saa sita kila kitu kilikuwa tayari, nikaenda dukani kununua mkate.

Niliporudi, mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mlango wa chumba cha wageni.

Nilimjua mwenye mbuzi kabla sijamwona. Mama mkwe wangu aliishi Gotu, kijiji cha wafugaji nje ya mji, na alikuwa na kawaida ya kupanda lori la mifugo linaloelekea mnadani na kushuka kwetu bila kumwambia mtu. Hakuna mtu Gotu aliyepiga hodi kwa mtoto wake. Niliingia nikamkuta amelala katikati ya kitanda, viatu vyake vya tairi vimepangwa sakafuni, shanga zote shingoni, na yale mafuta ya kondoo na udongo mwekundu aliyojipaka safarini kwa heshima ya kututembelea yameshaingia kwenye mto, kwenye shuka, mpaka kwenye blanketi.

"Mama," nikasema. "Karibu."

"Nimekaribia," akasema bila kuinuka. "Hii kitanda ni mzuri. Mwanangu amenikumbuka."

Mimi ni Mmeru, yeye Mturkana. Kiswahili ndicho tulichokuwa nacho kati yetu, na chake kilikuwa kidogo, na changu kilinikimbia siku ile. Utamwambiaje mama wa mume wako kwamba kitanda alichodhani ni chake kinangoja mtu ambaye humjui hata jina? Nilichosema mwishowe ni hiki: "Mama, kuna wageni wanakuja."

"Wageni?" Akaketi mara moja. Uso wake ulifunguka. "Wanatoka wapi?"

"Mbali. Wazungu."

"Basi nimekuja siku mzuri," akasema. "Nimeleta mbuzi."

Sikuwa na seti nyingine ya mashuka iliyokauka. Niliyavua yale nikayatia kwenye karai na sabuni, udongo mwekundu ukasambaa majini kama chai, na nikatandika kitanda cha chumba cha pili kwa mashuka yetu wenyewe, yenye kiraka. Kisha nikarudi kwenye karai. Nilikuwa ningali nasugua wakati gari liliposimama nje.

Walikuwa watu wa makamo, mwanamume mrefu sana mwenye kofia na mwanamke aliyeungua na jua puani. Mwanamke alisema "Hodi" kwa namna ya mtu aliyejifunza kitabuni. Nilikausha mikono, nikaenda na maneno yangu yote niliyoyapanga: karibuni, chumba chenu ni hiki, bafu iko hapa, chai ni saa ngapi. Lakini mama mkwe alikuwa amenitangulia. Alimshika yule mwanamke mikono yote miwili, akamtemea mate kidogo viganjani kama anavyobarikiwa mtoto, akamwongoza akamkalisha kwenye kigoda chake cha mti uani. Yule mwanamume akapewa debe la maji lililogeuzwa akalie. Kisha mama mkwe akatoa kibuyu.

Nilijua kilichokuwa ndani. Maziwa ya ngamia yaliyolala siku mbili, yenye harufu ya moshi. Nilisimama nyuma yake nikimfanyia yule mwanamke ishara kwa kichwa kwamba si lazima. Akanywa. Akanywa tena, akampa mume wake, naye akanywa, ndevu zikawa nyeupe, wakaangaliana wakacheka.

Alasiri yote ilikwenda hivyo. Mbuzi alichinjwa na jirani mwanamume wa Kiislamu ili kila mtu aweze kula, na kila mtu akaja. Jirani yangu wa maziwa alikuja na watoto wake. Wale akina mama waliosema nyumba yangu ni ya wanawake walikuja, wakatazama, wakala. Mama mkwe alieleza habari ya kila ng'ombe wake kwa Kiturkana na yule Mzungu alitikisa kichwa kana kwamba anawajua. Hakuna aliyeingia chumbani kuona nilichokiandaa. Walipokwenda kulala, miguu ya yule mwanamume ilitokeza nje ya kitanda. Aliniambia asubuhi kwamba aliweka sanduku lake mwishoni ili pawe na mahali pa kupumzisha nyayo. Alisema hivyo kwa wema, na nilitamani ardhi ipasuke.

Niliwapa chai na mkate na mayai. Kisha ukafika wakati wa malipo, nami nilikuwa nimeandika karatasi safi, chumba usiku mmoja, chai ya watu wawili. Yule mwanamume akatoa pochi. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti akipiga mswaki kwa kijiti, akainuka.

"Anafanya nini huyu?" akaniuliza.

"Analipa, mama."

"Analipa nini?"

"Kulala."

Alinitazama, na nikaona usoni mwake si hasira bali aibu, aibu ya kweli, kana kwamba amenikuta nikiiba. Akamwendea yule mwanamume, akaufunga mkono wake juu ya pochi kwa mikono yake miwili. "Hapana lipa," akasema. "Hii ni nyumba ya mtoto yangu. Enda salama."

Nilitakiwa kusema kitu. Ningesema kwa Kiingereza changu cha loji na wangenielewa. Lakini majirani walikuwa wamesimama uani na mama wa mume wangu alikuwa ameshika mkono wa mgeni, na mbele yao wote sikuweza kudai pesa. Yule mwanamke alinikumbatia. Alimvua mume wake kofia akamvika mama mkwe, akampa na tochi. Wakaondoka wakipunga mikono mpaka vumbi likawafunika, na mimi nikabaki nimeshika karatasi yangu.

Nilimngoja mume wangu mpaka mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuwa bado yupo. Nilizungumza mbele yake makusudi, ili nisije nikaambiwa nasengenya.

"Nimechimba vyoo viwili," nikasema. "Nimegombana na fundi, nimeitwa jina baya mtaa mzima, nimetumwa ofisi kwa ofisi. Mama amekuja siku moja, akamaliza biashara yote."

Mume wangu alimtafsiria. Yeye akajibu kwa maneno mengi.

"Anasema," mume wangu akanieleza, akitazama chini, "kwamba hakuna biashara iliyokuwepo. Anasema mtu akifika kwako kutoka jangwani ukamwuzia mahali pa kulala, siku wewe utakayofika kwake atakuuzia maji."

"Hao hawatoki jangwani. Wanatoka Nairobi na gari."

"Nimemwambia."

"Na Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwambie hivyo."

Alimwambia. Mama mkwe alifikiri, akauliza kitu, mume wangu akajizuia kucheka.

"Anauliza hawa wako wanakaa siku ngapi."

"Moja."

"Basi anasema hawajafika kwenye jembe."

Nilitoka nje nikaenda kwa jirani yangu wa maziwa nikakaa huko mpaka jua likazama. Nilimwambia nitaviuza vile vitanda. Aliniacha niseme yote, kisha akasema yeye pia huwapa watu maziwa bure, na huwauzia watu maziwa, na hajawahi kuchanganya, kwa sababu anayepewa huingia ndani na anayeuziwa husimama mlangoni. "Wako wote umewaingiza ndani," akasema. "Tena ukamweka mama uani."

Maneno yale yaliniudhi zaidi ya yote, kwa sababu yalikuwa kweli. Mume wangu alipokuwa bado na siku zake za likizo tulijenga ukuta wa mabati katikati ya ua, tukampa mama mkwe chumba chake mwenyewe upande wa nyuma, na mume wangu akaongea naye siku nzima, wawili peke yao chini ya kivuli cha ukuta. Walikubaliana hivi: wanaofika wakigonga mlango wa nyuma ni wageni wake. Wanaogonga mlango wa mbele ni wapangaji wangu, hata kama ni wapangaji wa usiku mmoja, naye hataulizia mambo yao. Neno "mpangaji" ndilo lililomtuliza. Mpangaji alimjua, tulikuwa tumewapangisha makarani miaka yote na hakuna aliyeona haya.

Kwa hiyo biashara ikaanza, nami ningependa kuandika kwamba ilikwenda vizuri. Ilikwenda. Watu walikuja kutoka loji kila msimu, na wengine walikuja kwa sababu walikuwa wanangoja magari yaruhusiwe kuvuka kizuizi pamoja kwenda kaskazini. Walilipa bila ubishi. Lakini wale walimu wawili walikuwa wamewasimulia wenzao, na wenzao wakawasimulia wengine, na mtu akifika mlango wa mbele, kabla hajaweka mzigo chini, anauliza, "Bibi yuko wapi?"

Nilikuwa na daftari la wageni. Niliwaomba waandike chochote wanachopenda, kama walivyokuwa wakifanya kule loji. Msichana wangu mkubwa, aliyekuwa amefika darasa la sita, ndiye aliyenisomea Kiingereza kigumu. Waliandika juu ya maziwa yenye moshi. Waliandika juu ya shanga, na baraka ya mate, na jinsi bibi alivyowafundisha kuketi kwenye kigoda bila kuanguka. Mmoja alichora mbuzi. Miaka sita ya daftari, na hakuna hata mtu mmoja aliyeandika neno juu ya mashuka. Nilikuwa nayafua kila siku kwa maji ya kununua. Nilikuwa napiga pasi mpaka kiwiko kinauma. Nilimwambia mume wangu, akasema mtu haandiki juu ya kitu anachokilalia, na labda hiyo ndiyo sifa yenyewe. Nilimwambia arudi kwenye greda yake.

Mama mkwe hakuvunja mapatano. Hakuwahi tena kumzuia mtu kulipa. Aliwangoja tu upande wake wa ukuta, na wakishamaliza nami mbele walizunguka wakaenda kugonga nyuma.

Katikati ya miaka ya themanini ukaja ukame, na aliposikia mifugo inakufa Gotu hakukaa hata wiki. Alisema ng'ombe wakifa bila mwenyewe kuwaona watadhani wamesahauliwa. Mwanawe alimsihi, hata mimi nilimsihi, na nilijishangaa kwamba nilimaanisha. Alipanda lori na kofia yake ya Kizungu kichwani, na hakurudi tena kuishi nasi, ingawa mvua ilinyesha.

Msimu uliofuata alikuja kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni, ametumwa na mama yake aliyewahi kulala kwetu. Nilimpa chumba, nikamwonyesha bafu. Akauliza bibi. Nikamwambia yuko Gotu. Akauliza Gotu ni wapi, na malori yanapita saa ngapi. Hakulala kitandani hata usiku ule niliomwandalia. Aliniachia vitabu vyake nimtunzie, akaenda, akakaa siku nne, akarudi amechomwa na jua, amevaa ushanga mkononi.

"Amekulipisha?" nikamwuliza, nikijua jibu.

"Siku ya tatu alinipa mbuzi nichunge," akasema.

Baada ya hapo wageni walipungua. Sehemu za kupiga kambi zilikuwa zimeongezeka mbugani, na waliobaki walipanda lori moja kwa moja. Mwaka huo mwalimu mpya wa shule ya msingi alikuja kutafuta chumba cha mwezi. Alikuwa mfupi, mtulivu, ana mke na mtoto mchanga. Aliingia chumba cha mbele, akakibonyeza kitanda kwa mkono, akatazama zile pembe za shuka.

"Nani alitandika hapa?" akauliza.

"Mimi."

"Inaonekana mtu amefundishwa," akasema.

Nikamwambia kodi inaanza tarehe moja, na kwamba mashuka ni ya kwangu, yeye atapata kitanda tu. Kisha nikabadili mawazo, nikamwachia na mashuka.